Mwaka Nilioandika Makosa ya Hamadi

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binti mkubwa wa Hamadi, mzee Venansi alipewa kipaza sauti akasema uongo. Aliusema kwa upole, mkono mmoja ukiwa juu ya bega la baba wa bibi harusi, na watu wakapiga makofi. Alisema kwamba yeye, alipokuwa prezida, yaani mwenyekiti, wa klabu yetu ya beziboli, ndiye aliyekiona kwa jicho lake mwenyewe kipaji cha Hamadi wakati hakuna mwingine aliyekiona. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikasimama pale pale hadi pilau ikapoa. Hamadi alinitazama kutoka meza kuu, akatikisa kichwa kidogo, kama kuniambia niache, ni harusi. Nikaacha. Lakini kuacha siku moja si kuacha siku zote, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikiona jibu baya ubaoni mkono wangu hautulii. Basi nasahihisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nangoja kuingia chuo kikuu, na ule ulikuwa mwaka wa kungoja tu, mwaka ambao kila asubuhi unaamka ukiwa huna jina: si mwanafunzi, si mfanyakazi, si mke wa mtu. Nilikaa mtaa wa Buyenzi kwa shangazi yangu Salma, ambaye kazi yake ilikuwa kupikia watu kwenye shughuli, harusi, hitima na maulidi, na kuwakodishia vyombo. Sebule yake haikuwa sebule. Sahani zilipangwa kutoka sakafuni hadi kwenye nondo za dirisha, vikombe vimejaa makreti ya soda, na sufuria mbili kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kuogea ndani zilisimama kwenye kona kama wageni waliokataa kukaa. Katikati kulikuwa na meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Nusu ya meza shangazi alichagulia mchele. Nusu nyingine alinipa mimi, na hapo ndipo nilipofanya hesabu zangu, vidole vikinuka iliki na vitunguu. Mpaka leo nikisahihisha mitihani nyumba ikiwa haina harufu ya kitunguu naona kama sijaanza.

Hesabu zenyewe zilitoka Gasenyi, kule mwisho wa mji upande wa kaskazini, kwenye kiwanja kilichokuwa nusu nyasi, nusu vumbi, na mara nyingine robo ng'ombe. Mwalimu mmoja wa michezo, mgeni, alikuwa amekuja na mifuko ya glavu na magongo, akafundisha vijana beziboli kwa miezi kadhaa, kisha mkataba wake ukaisha akarudi kwao. Kabla hajaondoka aliuliza nani anapenda hesabu. Mimi nilikuwa nimekuja kutazama tu. Niliinua mkono. Akanipa kitabu kikubwa chenye mistari midogo, akanifundisha jinsi ya kuandika kila mpira: nani kaupiga, umeenda wapi, nani kaudaka, nani kauangusha. Akanifundisha hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mpigaji: mara ngapi ameupiga mpira akafika kituo, kimojawapo cha vile vinne vya kukimbilia, ugawe kwa mara alizosimama kupiga. Ya pili ni ya mdakaji: katika mipira aliyoigusa, mingapi ameimaliza vizuri na mingapi imekuwa kosa lake. Asilimia. Niliipenda ile asilimia kama watu wengine wanavyopenda wimbo. Ulikuwa mwaka ambao hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu, na ghafla vijana ishirini na wanane walikuwa wananijia kila Jumamosi alasiri kuuliza wao ni akina nani.

Klabu ilibaki mikononi mwa Bwana Venansi, na sitamnyima haki yake. Mgeni alipoondoka, ni yeye aliyezunguka ofisi baada ya ofisi kuomba kiwanja kisichukuliwe. Ni yeye aliyeshona mipira kwa mkono wake ilipopasuka. Lakini alikuwa mtu wa kupenda vitu safi, shati jeupe, kiatu cheupe kwenye vumbi lile, na zile asilimia zangu zilimfurahisha kwa sababu zilikuwa safi. "Namba haziongope, mademazel," aliniambia. "Mutu anaongopa. Namba, apana." Akaniagiza nitengeneze orodha kila mwisho wa mwezi, wa kwanza hadi wa mwisho, tuibandike kwenye mlango wa chumba cha shule tulimovalia jezi. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote, kwa wino mweusi, nikapiga mistari kwa rula. Nilisimama pembeni kutazama wakiisoma. Nilijiona mkubwa.

Wa mwisho kwenye orodha ya wadakaji alikuwa Hamadi. Alikuwa fundi wa magari mtaa wa Cibitoke, mtu mzima wa miaka kama ishirini na sita, mfupi, miguu imepinda kidogo, anakuja kiwanjani na baiskeli akiwa bado na alama za grisi kwenye viwiko. Alicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira mingi hupita kwa kasi ikitambaa chini. Kila Jumamosi tuligawanyika timu mbili, na kwenye timu ya pili nafasi hiyo hiyo alicheza Dezire, mtoto wa dada yake Bwana Venansi: mrefu, mtulivu, glavu yake haina hata tone la tope. Dezire alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Siku ile ya orodha ya kwanza mtu mmoja alisoma jina la mwisho kwa sauti, akatazama viwiko vya fundi, akasema, "Eh, Mikono Mafuta!" Chumba kizima kikacheka. Nilicheka na mimi. Ninaliandika hilo makusudi. Jina lile lilimganda Hamadi mwaka mzima, na lilizaliwa kwenye karatasi yangu.

Kisha ikaja habari ya Kampala. Kulikuwa na mashindano, na klabu ingepeleka wachezaji kumi na wanne. Kwa Hamadi, ambaye nje ya nchi aliyoijua ni ng'ambo ya mpaka wa Gatumba tu, anapoenda kutafuta vipuri Kongo na kurudi jioni, Kampala ilikuwa kama kuambiwa utaona uso wako kwa mara ya kwanza. Aliacha kula mchana kazini ili atoke mapema kufanya mazoezi. Aliurusha mpira kwenye ukuta wa gereji mpaka mwenye gereji akalalamika. Jumamosi moja, katika mechi, mpira ulipigwa upande wa mbali kabisa na pale aliposimama. Alikimbia, akajirusha kifua kikiwa chini, glavu ikaufikia, mpira ukatua ndani kisha ukatoka. Mkimbiaji akapita. Niliandika: kosa, Hamadi. Baadaye kidogo mpira wa namna ile ile ulielekea upande wa Dezire. Dezire alipiga hatua mbili, akaona hautamfaa, akasimama kwa heshima zake kuutazama ukipita. Sikuandika chochote kwake. Kanuni haikuniambia niandike.

Mechi ilipoisha Hamadi alikuja moja kwa moja pale nilipokaa. Shati lake lilikuwa limechanika kifuani na ngozi imechubuka. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Dada Zuhura, nikuulize. Mi ile mupira niliifikia, si kweli?"

"Uliifikia, kaka."

"Na Dezire, yake hakuifikia."

"Hakuifikia."

"Sasa kosa iko yangu kwa nini?"

Nikamwambia, "Ndivyo walivyonifundisha." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo alilokwisha kulijua, akachukua baiskeli yake. Nimefundisha kwa miaka mingi sasa, na watoto wameniuliza mengi, lakini sijawahi kuulizwa swali lililoniaibisha kama lile.

Siku tatu nilizunguka na swali hilo bila jibu, na jibu likanijia sebuleni, nikiwa nimeinamia kitabu na hakuna anayefikiri kwamba nasikiliza. Jirani yetu Bi Mwanaidi alikuwa amekuja kunywa chai ya tangawizi na shangazi, na wote wawili walikuwa wanakata chapati moja vipande vidogo vidogo kama wanawake wanaosema hawana njaa. Walikuwa wanamzungumzia Mariamu, mmoja wa wanawake wawili waliomsaidia shangazi kuosha vyombo baada ya shughuli. Mariamu alivunja vikombe. Mwenzake hakuvunja hata kimoja. Bi Mwanaidi akasema, "Ningekuwa mi, huyo Mariamu ningemufukuza leo." Shangazi akatafuna, akameza, akasema bila kuinua macho: "Mariamu ndiye mwenye kuosha. Ule mwingine anakaa kwa kiti anapanguza vijiko. Kikombe atavunjia wapi?" Wakaendelea na habari ya mtu mwingine. Mimi niliishika kalamu mpaka vidole vikauma.

Nikachora safu mpya. Kila mpira uliopita mle kati ya kituo cha pili na cha tatu niliuandika, hata kama hakuna aliyeugusa: umefikiwa ukamalizwa, umefikiwa ukaanguka, umepita. Kwa wapigaji nikaongeza safu nyingine pia, kwa sababu kuna njia ya kufika kituo bila kupiga: mrushaji akikurushia mipira minne mibaya na wewe ukawa na subira usiiguse, unatembea hadi kituo cha kwanza. Hamadi alikuwa mfupi na mwenye subira ya mtu anayetafuta mlio mbaya ndani ya injini; warushaji walishindwa kumlenga. Kwa hesabu ya zamani alikuwa wa tano kwa kupiga. Kwa hesabu ya kufika kituo alikuwa wa kwanza. Nilihesabu mechi nane. Jumamosi moja Dezire alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, akaja kukaa kwenye benchi langu, na nikamwomba aniitie mipira ili mtu asije akasema jicho langu lina upande. Aliniitia kwa uaminifu mechi nzima, kuanzia mpira wa kwanza. Mwishoni akasema, "Kumbe mi niko muzuri kwa sababu sisogei." Alikuwa amejijibu.

Baada ya mechi ya nane nilikuwa na namba, na nazijua mpaka leo kama ninavyolijua jina langu. Katika mipira aliyoigusa, Dezire alimaliza vizuri asilimia tisini na mbili, Hamadi asilimia sabini na tisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mlangoni. Lakini katika mipira yote iliyopita eneo lao, Hamadi alimaliza arobaini na mmoja kati ya hamsini na sita. Dezire, ishirini na miwili kati ya arobaini na mitatu. Mipira kumi na tisa ilimpita Dezire bila kuguswa. Hamadi ilimpita minne.

Mkutano wa kuchagua timu ulifanyika katika chumba cha darasa, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Bwana Venansi alisoma majina kumi na manne. Hamadi hakuwemo. Kisha akanisukumia karatasi ya asilimia za zamani niitie saini kama mwandishi, kwa sababu waandaaji waliitaka orodha yenye saini. Nikasema siwezi kusaini mpaka na hesabu zangu nyingine ziwekwe. Nikasimama nikazieleza. Nilimtazama Dezire aseme kitu. Alitazama kifundo chake cha mguu.

"Hizo umebuni mwenyewe," alisema Bwana Venansi.

"Na za kwanza kuna mutu alizibuni pia."

Wachache wakaguna. Yeye akatabasamu, tabasamu la kunionea huruma. "Mademazel, kila mutu hapa anaona. Binti akipenda fundi, hata kujumlisha kunabadilika."

Walicheka, kile kicheko cha mlangoni, na safari hii kilikuwa changu. Hamadi aliinamisha kichwa. Nikamwambia Bwana Venansi, "Sisaini." Akaninyang'anya kitabu taratibu, akasema kitabu ni cha klabu. Nikasema, "Kitabu ni cha klabu, chukua. Lakini jina langu ni la kwangu." Nikatoka. Sikulia mpaka nilipopita ng'ombe.

Maneno yalifika Buyenzi kabla yangu. Shangazi alikuwa ameshaandaa ugali, samaki wadogo wa ndagala na mboga ya lengalenga, na alingoja ninawe mikono ndipo aseme. "Wanasema unamupenda yule fundi wa Cibitoke. Unamupenda?"

"Apana, shangazi."

"Na kama ingekuwa kweli, hesabu ingebadilika?"

Nilifikiri, kwa sababu shangazi hakupenda majibu ya haraka. "Ingebaki ile ile."

"Bas. Kula."

Jumamosi iliyofuata nilirudi Gasenyi. Benchi halikuwa langu tena. Mwandishi mpya, karani wa Bwana Venansi, alikaa hapo na kitabu. Nilivuka kiwanja, nikakaa upande wa pili kwenye tofali, nikafungua daftari la shule la kurasa mia, nikaanza kuandika. Walinipigia miluzi. Jua lilinipiga usoni kwa sababu upande ule hauna kivuli. Nikaandika. Jumamosi ya pili nikaandika. Sikuwa shujaa, mara mbili nilikaribia kubaki nyumbani, na mara zote mbili kilichonitoa ni hasira tu, na sioni aibu kuisifu hasira hiyo. Jumamosi ya tatu, mechi ilipoisha, Fistoni alivuka kiwanja akaja kwangu. Fistoni ndiye aliyekuwa mrushaji wetu bora, kijana wa maneno machache. Alisimama akitazama pembeni kama anayekojoa, akauliza, "Hamadi akiwa nyuma yangu, na Dezire akiwa nyuma yangu, kuna tofauti ngapi?" Nikamwonyesha. Akasoma mistari yote kwa kidole. "Mi nilikuwa najua kwa mugongo," akasema. "Sikuwa najua kwa namba." Wiki iliyofuata walikuja watano. Walitaka kujua wamefika kituo mara ngapi. Kitabu cha karani hakuna aliyekiuliza.

Siku chache kabla ya safari Fistoni alimwambia Bwana Venansi kwamba bila Hamadi nyuma yake hatarusha mpira Kampala, na asiulizwe mara mbili. Sikumtuma. Bwana Venansi alikasirika, akazunguka, akakumbuka kwamba hana mrushaji mwingine, na Hamadi akaongezwa wa kumi na tano, wa akiba. Hivyo ndivyo jicho lake lilivyokiona kipaji.

Mimi sikupelekwa. Kwa siku zile zote nilichambua mchele. Walirudi Jumatatu mchana, na kabla hajaenda kwake Cibitoke, Hamadi alipitia Buyenzi, begi bado liko mgongoni. Shangazi alimkalisha kati ya sufuria na makreti, akampa chai. Alisimulia vibaya, akirukaruka. Mechi ya kwanza walifungwa, Dezire akicheza. Mechi ya pili, kabla haijaanza, Dezire alimwendea mjomba wake akasema kifundo kimeuma tena, hawezi. Miaka mingi baadaye Dezire aliniambia kwamba hakikuuma hata kidogo. Alichoshindwa kukisema darasani alikisema kwa mguu. Hamadi akaingia, akabaki mpaka mwisho, mechi tatu. Walishinda mbili. Kocha wa timu moja ya Uganda alikuja kumshika mkono na kumuuliza anafanya kazi gani, na Hamadi hakumwelewa, akamwonyesha viwiko vyake.

Kisha akatoa karatasi mfukoni, kipande cha katoni ya biskuti kilichokunjwa mara nne. Fistoni alikuwa ameandika humo, kila mechi, safu zangu tatu: ukamalizwa, ukaanguka, umepita. Mwandiko mbaya, penseli, lakini mistari imekamilika. Hamadi aliishika kwa mikono miwili akaiweka mbele yangu juu ya maua ya plastiki.

"Makosa mawili," alisema, na akaninyooshea vidole viwili kabisa, kama mtu anayekiri mbele ya kadhi.

"Umefikia mingapi?"

"Kumi na saba."

Nikafungua daftari langu la kurasa mia. Shangazi aliacha kuchambua mchele. Nikaandika kumi na saba. Hamadi alikuwa ananitazama kalamu ilipofika kwenye safu ya makosa, na nadhani alijua kwamba chumba kizima kingenisamehe kama ningeipita. Nikaandika mawili, kwa wino, kubwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula.